Kanisa la Eyam, Uingereza: kasisi aliandika majina ya wafu kitabuni, kijiji kikawazika mashambani (uzi mrefu)

Msafiri Mkavu

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa makaburi ya wakoloni kuna jamaa alidai makanisa ya vijijini Uingereza ni yale yale: mnara, kengele, nyasi, mawe yaliyoinama, basi. Hoja hiyo imenikaa kooni. Mimi naishi Sheffield, na kutoka hapa hadi Eyam ni mwendo wa gari usiofika saa nzima. Naomba niwapitishe kwenye kanisa moja tu, halafu mtasema wenyewe.

Eyam ni kijiji kidogo cha milimani, kaunti ya Derbyshire. Kanisa lake ni la Anglikana, limepewa jina la Mtakatifu Laurenti. Uwanjani kuna msalaba wa mawe wa enzi za Wasaksoni, wa karne ya 8, mkongwe kuliko jengo lenyewe. Mikononi pamechongwa malaika, na shina limejaa michongo ya majani yanayojisokota. Kipande cha juu cha shina kilishapotea, kwa hiyo msalaba umebaki na kichwa kikubwa na shingo fupi. Ukutani upande wa kusini kuna saa ya jua ya mwaka 1775, yenye mistari mingi kiasi kwamba unahitaji mtu wa kukusomea. Imeandikwa Kilatini kwamba maisha ni kama kivuli.

Lakini watu hawaendi Eyam kwa ajili ya saa. Wanaenda kwa ajili ya tauni.

Mwaka 1665 London ilikuwa inateketea kwa tauni. Mwishoni mwa kiangazi hicho, mshona nguo mmoja wa Eyam aliletewa mzigo wa vitambaa kutoka London. Msaidizi wake, George Viccars, akaufungua, akakuta vitambaa vina unyevunyevu, akavianika mbele ya moto. Inaaminika viroboto walikuwa humo. Viccars akazikwa tarehe 7 Septemba 1665. Wakafuata watoto wa nyumba ile, wakafuata majirani. Baridi ilipoingia vifo vikapungua, na Mei 1666 watu wakaanza kupumua. Juni mambo yakarudi kwa kishindo.

Kasisi wa hapo alikuwa William Mompesson, kijana wa miaka 28, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika mwaka 1664. Wanakijiji hawakumpenda sana. Mtu wao alikuwa Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyefukuzwa kazi mwaka 1662 kwa kukataa kufuata Kitabu cha Sala cha serikali. Hawa wawili kwa kawaida wasingekaa meza moja. Juni ile wakakaa, wakakubaliana mambo matatu, wakayapeleka kwa watu.

La kwanza, hakuna tena maziko ya kanisani. Kila familia itazika wafu wake yenyewe, haraka, popote karibu na nyumba: bustanini, shambani, nyuma ya zizi.

La pili, kanisa lifungwe. Ibada ihamie bondeni, mahali panapoitwa Cucklet Delf, watu wasimame kwa mafungu ya familia, wakiachiana nafasi.

La tatu ndilo lililowapa jina hadi leo: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Chakula kililetwa na vijiji jirani na kuwekwa mpakani. Earl wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, naye alichangia. Pesa za malipo ziliachwa kwenye matundu ya jiwe la mpaka yaliyojazwa siki, au kwenye maji ya chemchemi iliyo juu ya kijiji, ambayo hadi leo inaitwa Kisima cha Mompesson. Lile jiwe lipo bado, na matundu yamelainika kwa vidole vya wageni.

Agosti 1666 ndio ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Nje kidogo ya kijiji, juu mlimani, kuna shamba liitwalo Riley. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume wake na watoto sita ndani ya siku nane, kuanzia tarehe 3 hadi 10. Mwenyewe. Hapakuwa na wa kumshika mkono, maana aliyegusa maiti alikuwa anajiandikia yake. Mapokeo yanasema watu wa kijiji cha pili, Stoney Middleton, walikuwa wakimtazama kutoka upande wa pili wa bonde. Alibaki hai, akaenda kwa mwanawe aliyekuwa Sheffield. Leo pale shambani kuna ukuta wa mawe wa duara, na ndani yake mawe sita madogo ya watoto na kaburi la kisanduku la baba yao, John. Kondoo wanakula majani nje ya ukuta.

Tarehe 25 Agosti akafa Catherine, mke wa kasisi. Alikuwa na miaka 27. Watoto wao wawili walishapelekwa kwa ndugu, yeye akakataa kumwacha mume. Huyu alizikwa uwanjani mwa kanisa, karibu na ule msalaba, na kaburi lake ndilo ambalo kila mgeni anaoneshwa: kisanduku cha mawe, upande mmoja wamechonga saa ya mchanga yenye mabawa na onyo la Kilatini kwamba hamuijui saa, upande mwingine fuvu la kichwa na maneno yasemayo kufa ni faida.

Mtu wa mwisho kufa alikuwa Abraham Morten, tarehe 1 Novemba 1666. Mwezi huohuo Mompesson aliandika barua akisema kijiji kimegeuka Golgotha, na kwamba familia 76 ziliguswa, watu 259 wakafa. Hesabu inayotajwa siku hizi ni 260.

Sasa fikirieni hili. Waliokufa kabla ya Juni walizikwa uwanjani, na wengi wao hawana hata jiwe. Waliokufa baadaye wako mashambani, na wengi hakuna ajuaye ni chini ya mti upi. Kanisa halina makaburi yao. Kilichobaki kanisani ni majina, kwa sababu katikati ya balaa lile kulikuwa na mtu aliyeendelea kuandika nani kafa na tarehe ngapi. Ukiingia leo unakuta orodha ile imewekwa wazi, unasoma jina moja baada ya jingine, ukoo uleule umejirudia mara saba, mara nane. Kwangu mimi kumbukumbu ya maana pale Eyam ni lile daftari. Marumaru ipo Uingereza nzima.

Karibuni.

---

Bi Mkora

Nimesoma yote, na chai imepoa. Swali: huko kila mtu kuzika wa kwake, je yule aliyekufa wa mwisho nyumbani, nani anamzika?

---

Msafiri Mkavu

Bi Mkora, umegusa penyewe. Alikuwapo bwana mmoja, Marshall Howe, jitu la miraba minne. Aliugua mapema akapona, akaamini haitamrudia. Basi akawa ndiye anaitwa kwenye nyumba zilizokwisha watu. Malipo yake yalikuwa vitu vya marehemu: nguo, vyombo, chochote alichokuta. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifunga kamba miguuni na kumburuta maiti hadi shimoni ili asimkaribie. Mke wake na mwanawe nao wakafa, na watu wakanong'ona kwamba ameuleta ugonjwa nyumbani kwa mikono yake. Miaka mingi baadaye wazazi wa Eyam walikuwa bado wanatishia watoto watukutu: nyamaza, nitamwita Marshall Howe.

---

Kamaa wa Thika

Maze huyo Marshall Howe angekuwa kwetu angekuwa MCA sahi.

---

Chuma cha Pua

Mleta uzi hongera, ila mimi nina mashaka. Hadithi kama hizi huwa zinapakwa asali na waliokuja baadaye. Kijiji kizima kijifungie kife kwa hiari? Matajiri nao walibaki? Au ndiyo yale yale, wenye uwezo wametoka na gari usiku, maskini wakaambiwa wawe mashujaa?

---

Msafiri Mkavu

Chuma, mashaka yako yana mashiko, na wanahistoria wa kule wameshayasema. Wenye uwezo wengi walikuwa wameondoka mapema, kabla ya ule uamuzi wa Juni. Familia ya Bradshaw, wenye jumba kubwa kijijini, waliondoka. Waliobaki ni wachimba madini ya risasi, wakulima, mafundi, watu ambao hata wangetoka wangepokewa wapi? Wakati wa tauni ukitokea kijiji kinachojulikana kina ugonjwa ulikuwa unafukuzwa kwa mawe. Na mapambo mengi ya hadithi yaliandikwa karne ya 18 na 19, wakati ambapo watu walipenda sana visa vya kulia.

Mfano mzuri ni Emmott Sydall. Binti wa Eyam, mchumba wake Rowland Torre alikuwa wa kijiji cha pili. Inasimuliwa walikuwa wakikutana mbali mbali pale bondeni, wakitazamana bila kusogeleana, hadi siku ambayo Emmott hakutokea. Rowland aliendelea kuja, na kijiji kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia, akaambiwa. Kifo cha Emmott kimo kwenye daftari, Aprili 1666. Hiyo mikutano ya bondeni ni mapokeo. Lakini nenda kanisani leo: kuna dirisha la vioo vya rangi la mwaka 1985 linalosimulia tauni, na wachumba hao wamo. Mapokeo nayo yamepewa dirisha.

Hata hivyo, sikubali kwamba hadithi yote ni asali. Daftari halidanganyi, barua za Mompesson zipo, na makaburi ya Riley yapo. Ugonjwa haukuenea vijiji vya jirani kwa kiwango kile. Walibaki kwa imani, kwa woga au kwa kukosa pa kwenda, mimi siwezi kuingia mioyoni mwao. Walibaki.

---

Daktari Mstaafu

Habari za humu. Naongeza kidogo kwa upande wa tiba.

Lile daftari limekuwa na faida ambayo kasisi hakuiwazia. Kwa kuwa linaonesha jina, ukoo na tarehe, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walilipigia hesabu kuona nani aliambukizwa kutoka wapi. Wakakadiria kwamba takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu, na robo tu kutoka kwa panya. Ndiyo maana koo nzima nzima zilifutika: mgonjwa alikuwa analala kitanda kimoja na nduguze. Chawa na viroboto wa binadamu wanashukiwa pia kuchangia.

Sisi wa Tanzania tusiisome hii kama ngano ya Wazungu. Lushoto imepata tauni kuanzia mwaka 1980, ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka, na waliougua ni maelfu. Mimi nimewahi kufanya kazi huko juu milimani. Kulala sakafuni, mahindi yamewekwa ndani, panya darini: mazingira hayo Mompesson angeyatambua mara moja. Tofauti ni kwamba tuna dawa. Tauni ya mitoki ikiwahiwa kwa antibiotiki mgonjwa anapona.

Nyongeza: Mompesson baada ya ugonjwa aliamuru nguo na matandiko ya kijiji yachomwe moto, akaanza na ya kwake. Kwa mtu asiyejua bakteria ni nini, alifanya kazi safi.

---

Bi Mkora

Shikamoo Daktari. Kwa hiyo huyo Mompesson aliishia wapi? Walimpa nishani?

---

Msafiri Mkavu

Nishani gani, Bi Mkora. Alihamishiwa Eakring, kaunti ya Nottinghamshire, na watu wa huko waliposikia anatoka Eyam wakagoma asiingie kijijini. Ikabidi kwa muda akae kwenye kibanda porini, na kuhubiri akahubirie nje chini ya mti. Alioa tena, akaishi hadi 1709, na kaburi lake liko huko huko Eakring. Kwa hiyo kasisi aliyewaandika wote hayupo pamoja nao. Stanley ndiye aliyebaki Eyam hadi alipokufa mwaka 1670, na kumbukumbu ya jiwe aliwekewa uwanjani baada ya zaidi ya miaka 200.

---

Mtoto wa Kasisi

Baba yangu alikuwa kasisi wa Anglikana upande wa Muheza, kwa hiyo mambo ya daftari za kanisa nimekua nayo. Naomba niongeze mzizi wake, maana wengi wanadhani lile daftari lilikuwa wema wa Mompesson peke yake.

Ilikuwa sheria. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko ya kila wiki. Kabla ya hapo maskini wa Uingereza alikuwa anazaliwa na kufa bila kalamu kumgusa. Ndiyo maana Waingereza wanaotafuta mababu zao huishia karne ya 16, zaidi ya hapo ni wenye ardhi na vyeo tu.

Na maziko yenyewe yalikuwa na madaraja. Bwana mwenye kijiji anazikwa ndani, karibu na altare, anachongewa sanamu amelala viganja vimekutana, mbwa miguuni. Akipungukiwa kidogo anapata bamba la shaba sakafuni. Wengine wote nje, na zamani sana hawakuwekewa jiwe la kudumu. Pengine kijiti au ubao, ukioza basi. Shimo lilitumika tena baada ya miaka kadhaa, mifupa ikikutwa inahifadhiwa kando. Mawe ya watu wa kawaida yalianza kuwa mengi kuanzia karne ya 17 kwenda ya 18. Kwa hiyo ukiingia uwanja wa kanisa la kijiji ukaona mawe mia, jua chini yako kuna maelfu. Mara nyingi ndiyo sababu ardhi ya uwanja imeinuka kuliko njia ya mlangoni.

Kingine ambacho hunichekesha: baada ya tauni ile, Bunge lilipitisha sheria maiti zote zivikwe sanda ya sufu ya Uingereza, ili wafuga kondoo wapate soko. Ndugu walitakiwa kuapa kwamba marehemu kavaa sufu, la sivyo faini. Hata kufa ilikuwa lazima uchangie uchumi.

---

Kamaa wa Thika

Hiyo ya sufu KRA wasiisikie please.

---

Dada wa Bristol

Nimekaa kimya nasoma. Naomba kuuliza swali halafu nilijibu mwenyewe: katika hayo makanisa ya vijijini, wetu yuko wapi?

Yuko Henbury. Siku hizi ni kitongoji cha Bristol, zamani kilikuwa kijiji. Uwanjani mwa kanisa la Mtakatifu Maria kuna kaburi la kijana Mwafrika, lina jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, yote mawili yamepakwa rangi, na juu yamechongwa malaika weusi. Jina lake limeandikwa Scipio Africanus, mtumishi wa Earl wa Suffolk, amekufa tarehe 21 Desemba 1720, umri miaka 18. Jina alilopewa na mama yake halipo. Hilo la jiwe ni la jemadari wa Kirumi, ndivyo mabwana walivyokuwa wakiwabandika watumwa wao majina ya fahari kwa mzaha.

Jiwe la miguuni lina ushairi, anasemeshwa yeye mwenyewe. Linaanza kwa kusema yeye aliyezaliwa mpagani na mtumwa sasa amelala kwa utulivu kaburini akiwa Mkristo. Nimesimama mbele ya lile jiwe nikasoma mara mbili. Ni zuri, na linaudhi. Nani alimuuliza?

Halafu Juni 2020, siku chache baada ya vijana wa Bristol kuangusha sanamu ya Colston mfanyabiashara ya watumwa na kuitosa bandarini, mtu alikwenda Henbury usiku akavunja mawe ya Scipio kwa kulipiza. Kijana aliyekufa miaka 300 iliyopita, hana ndugu, hana kwao, akaingizwa kwenye ugomvi. Mawe yalikarabatiwa baadaye.

---

Chuma cha Pua

Dada wa Bristol umenikata maini.

Lakini ona: watumwa na watumishi weusi waliokufa Uingereza karne hiyo ni wengi mno, na wengi wameishia mstari mmoja wa daftari, "mtu mweusi wa bwana fulani". Scipio kupata mawe mawili ya rangi maana yake yule Earl alimthamini. Au alithamini kuonekana anamthamini.

---

Mwana Tabora

Na mimi nidandie hapo hapo, maana kuna kanisa jingine la kijiji linalotuhusu zaidi kuliko hayo yote na hakuna aliyelitaja. Dowlish Wake, kaunti ya Somerset, kanisa la Mtakatifu Andrea. Humo amezikwa John Hanning Speke.

Kwa wadogo zetu: Speke ndiye Mwingereza aliyefika kusini mwa Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, upande wa Mwanza, akaipa ziwa jina la malkia wake. Mwenzake Burton alibaki mgonjwa hapa kwetu, Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Mwaka 1862 Speke akarudi na Grant, akafika mahali mto Nile unapotokea ziwani, Jinja ya leo. Burton hakukubali kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile. Wakapangiwa mdahalo mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Jana yake mchana Speke alikuwa anawinda kware, akapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki ikamlipukia kifuani. Alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi likasema ajali. Maneno ya mitaani yakasema mengine, na hayajaisha mpaka leo.

Wakamrudisha kwa mababu zake Dowlish Wake, maana akina Speke ndio walikuwa mabwana wa eneo lile na kanisani wana upande wao, wamelala humo tangu enzi za kale. Livingstone alihudhuria maziko, na Grant pia, mwenzake wa safari ile ya 1862. Speke ana sanamu ya marumaru humo ndani, kichwa na kifua. Baadaye familia ikaruhusiwa kuongeza kwenye ngao yao mamba na kiboko, pamoja na maji yanayotiririka na jina la Nile. Mamba na kiboko wa Nyanza, ngao ya ukoo wa Somerset!

Sasa kwa hoja ya mleta uzi ya nani anaandikwa. Nani alimwambia Speke kuna ziwa kubwa kaskazini? Ni wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, hasa Snay bin Amir, aliyewakaribisha nyumbani kwake. Nani alikuwa mkalimani na mshika msafara? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani Kilwa akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Huyu alitembea na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, akaenda na Henry Morton Stanley (si yule kasisi wa Eyam) kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron. Misafara minne tofauti ya Wazungu, mwenyeji yule yule. Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni, akafariki 1885.

---

Bi Mkora

Kwa hiyo Speke marumaru, Bombay pensheni. Sawa.

---

Mtoto wa Kasisi

Mwana Tabora, hapo nakuunga mkono, ila nitamtetea Speke kidogo. Bombay tunamjua kwa jina, kabila na tabia kwa sababu Speke aliandika habari zake kwa kirefu na kwa mapenzi. Burton, Stanley na Cameron nao walimwandika. Hakuna jiwe, lakini kama kwa Eyam, kuna karatasi.

---

Mwana Tabora

Karatasi iliyoandikwa na bwana wake. Mimi ningependa niisome ya kwake.

---

Msafiri Mkavu

Uzi umenoga kuliko nilivyotegemea. Wacha nipunguze uzito. Uwanjani Eyam, mbali na huzuni yote ile, kuna kaburi la Harry Bagshaw, mchezaji kriketi wa Derbyshire aliyefariki 1927. Jiwe lake lina mchongo wa mpira ukibomoa vijiti vya kriketi, na juu yake mkono wa refa umenyoosha kidole kimoja juu. Kwa wasiojua kriketi: kidole kile maana yake umetoka, nenda zako. Watoto wa shule wakipelekwa pale kujifunza tauni, huyo ndiye wanayempiga picha.

---

Kamaa wa Thika

Sasa hapo mmenipata. Mimi jiwe langu liandikwe offside, lakini VAR ilikuwa bado inaangalia.

---

Neema ya Leeds

Habari zenu kaka na dada. Nimehamia Leeds karibuni, nataka niwapeleke wanangu Eyam. Niende lini, na nianzie wapi?

---

Msafiri Mkavu

Karibu sana dada Neema. Kama unaweza, nenda Jumapili ya mwisho ya Agosti, wanaiita Jumapili ya Tauni. Kaburi la Catherine linawekewa shada, kisha watu wanaandamana hadi Cucklet Delf, ibada inafanyika nje kama mwaka 1666. Kama hupendi msongamano, nenda siku ya kawaida.

Anzia kanisani, soma majina kwanza. Nyumba ya Viccars iko jirani kabisa upande wa magharibi, na nyumba kadhaa za mtaa huo zina vibao mlangoni vinavyotaja nani alifia humo. Watu wanaishi ndani, kwa hiyo watoto wasichungulie madirishani. Kuna pia makaburi ya Lydgate, mtaani kabisa: George Darby na bintiye Mary, wamekufa wakipishana miezi miwili. Wageni wengi wanayapita bila kuyaona.

Riley iache ya mwisho. Ni kama kilomita moja nje ya kijiji, kwa mguu, na njia inapanda, vaeni viatu vya kushika tope. Lango la shamba mlifunge mkishaingia, kondoo wa watu wasitoke.

---

Neema ya Leeds

Asante kaka. Mdogo ana miaka sita, hiyo ya Riley ataiweza?

---

Msafiri Mkavu

Kupanda ataiweza. Akianza kuhesabu yale mawe madogo na kukuuliza, hapo utajua mwenyewe dada utamjibu nini.